Kichwa Kiwe Nje

Ukitaka kujua watu wa Thika wana mapenzi kiasi gani, beba mtoto mchanga upite naye sokoni asubuhi ya baridi, kichwa chake kikiwa wazi. Hutafika mbali. Muuza maharagwe atakuwa wa kwanza: "Mama, funika mtoto!" Wa pili hatasema neno. Atakuja tu kwa nyuma, avute shali yako mpaka imfunike mtoto utosi na pua, akupigepige begani, aende zake ameridhika. Wa tatu atakuuliza kama mtoto huyo umemzaa au umemwokota. Niliyapitia hayo kwa miezi kadhaa, katikati ya miaka ya tisini, na wengine sijawasamehe hadi leo.

Nilikuwa nimechoka. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mkali kwa kupenda. Uchovu ule haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Nililala nao, nikaamka nao, nikateka maji nao. Mtu aliyechoka hivyo akiambiwa jambo lile lile na watu kumi, wa kumi na moja ndiye atakayelipia makosa ya wote.

Binti yangu alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Alikuwa mdogo hivi kwamba baba yake, aliyekuwa akipakia mawe kwenye malori kule Ruiru na viganja vyake vimeota sugu, aliogopa kumshika. Alikaa akimtazama tu, mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu dukani. Na mtoto alipumua kwa sauti. Hakuwa analia wala kukohoa. Kilikuwa kijisauti cha kukoroma, khrr, khrr, kilichotoka hata akiwa macho. Siku tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi mmoja wa makamo, mtu asiyecheka ovyo, aliniketisha kando.

"Njia yake ya hewa ni nyembamba," aliniambia. "Mtoto mwingine ukimfunika uso atapigana. Atageuza kichwa, atalia, utajua. Huyu hana nguvu ya kupigana. Atanyamaza tu. Ukisikia anakoroma, shukuru Mungu. Ukisikia kimya, angalia."

Kisha akanionyesha namna ya kumbeba, kwa kutumia mwanangu mwenyewe. Abebwe kifuani kwanza mpaka shingo ikaze, ndipo aende mgongoni. Awe juu na karibu, kiasi kwamba nikiinamisha kichwa namfikia kumbusu utosini. Nguo imshike mgongo vizuri asijikunje akazama ndani. Kidevu kisiangukie kifuani, pawe na nafasi ya kupita vidole viwili. Miguu ipanuke, magoti yawe juu kuliko makalio, kama chura. Na uso uwe nje, hata ikinyesha mvua ya mawe.

"Mvishe soksi, mvishe sweta, mvishe boshori ya uzi kichwani," alisema. "Lakini pua ni ya kupumulia. Usimpe mtu yeyote ruhusa ya kuifunika."

Basi nikarudi nyumbani, mtaa wa Landless pale Thika, na kazi moja duniani, kulinda pua ya mtu ambaye hata jina lake alikuwa bado hajalijua.

Kazi ya pili ilikuwa ya kutupatia ugali. Nilikuwa kibarua katika kiwanda cha kahawa. Tuliketi wanawake kwenye meza ndefu tukichambua buni, mbovu huku, nzuri kule, mpaka macho yanaanza kuona buni hata kwenye sahani ya chakula. Kibarua hana likizo ya uzazi. Ukikosekana, kiti chako kinapata mtu mwingine, na huyo mtu ana watoto wake pia, huwezi hata kumchukia vizuri. Wenye watoto wachanga walikuja nao kazini, na msimamizi alijifanya haoni bora mikono isisimame. Kwa hiyo nilijua nitambeba mwanangu. Nisichojua ni nimbebe na nini.

Mume wangu ndiye aliyekuja na jibu la kwanza. Alikwenda kwenye marobota ya mitumba akarudi na kibebeo cha ng'ambo, chenye mikanda, vifungo vya plastiki na picha ya dubu kifuani. Alikileta kama mtu aliyeleta ng'ombe.

"Hii ndiyo wazungu wanatumia," alisema. "Hakuna mambo ya kufunga mafundo. Unabana hapa, kwa! Umemaliza."

Kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Lakini mahali pa kukalia mtoto palikuwa pembamba kama utepe, miguu ingening'inia chini kama soksi kwenye kamba, na mimi nilikuwa bado nasikia sauti ya yule muuguzi. Nikasema sitaweka mtoto humo kabla sijaweka kitu kingine. Nikatia malenge. Nilizunguka nalo uani kwetu, nikafagia, nikaanika nguo, na majirani wakacheka mpaka wakashika milango. Nilipopiga magoti kuinua karai la maji, kifungo kimoja kilichokuwa na ufa ambao hatukuuona kikaachia, na malenge likaanguka, likabiringika hadi penye mfereji, likapasuka.

Mume wangu aliliangalia lile malenge kwa muda. Tulilila jioni hiyo na kesho yake, na yeye ndiye aliyekula zaidi.

Jibu la pili lilitoka Gatongora, karibu na Ruiru, kwa mama mkwe. Hapa lazima nieleze. Mimi ni Mkamba, wazazi wangu walihamia Kalimoni kulima wakafia huko. Mama mkwe wangu ni Mkikuyu. Kikamba hakijui, na Kikikuyu changu kilikuwa cha kununulia sukuma wiki, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Nilimwita Maitu, yaani mama yangu, kama walivyomwita wanawe, kwa sababu mke wa mtu hamtaji mama wa mumewe kwa jina. Na kwa desturi yao binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hivyo mwanangu alikuwa na jina ambalo kinywa changu hakikuruhusiwa kulitamka ovyo, na nyumbani tukamwita Maitu naye pia, Maitu mdogo.

Maitu mkubwa alikuja kumwona akiwa na chupa ya uji, ndizi, na shali ya sufu ya rangi ya kahawia, nzito, yenye vishada pembeni. Alimchukua mtoto, akamkazia macho, akacheka.

"Huyu ni mimi," akasema. "Mimi nimezaliwa tena. Sasa musiniue na baridi."

Akamzungushia shali yote, kutoka miguuni hadi juu ya kichwa, pakabaki tundu dogo. Nikanyoosha mkono nikapanua tundu. Akalifunga. Nikalipanua tena. Tulifanya hivyo wakati wote wa chai, bila kugombana, kila mmoja akitabasamu.

Nilijaribu kumbeba mtoto kwa shali ile, kwa heshima. Haikufaa. Ilikuwa nene, fundo halikushika, na baada ya hatua chache mtoto alikuwa ameteleza hadi tumboni kwangu na amezama humo mpaka boshori haionekani. Jirani yangu, mama mmoja Mwislamu aliyekaanga maandazi kwenye kona ya ploti yetu, alikuwa ananitazama.

"We mama," aliniita, "unabeba mtoto ama unahama nyumba?"

Aliosha mikono unga, akaingia ndani, akatoka na leso mbili kuukuu. Akaziinua juu mbele ya jua moja baada ya nyingine, akitafuta mahali palipokonda. Akashika pindo kwa mikono yote miwili akavuta kwa nguvu, sikio karibu.

"Uzi ukilia, hiyo ni ya kupanguzia meza," alisema. "Hii imelia. Hii haijalia. Usinunue mpya, mpya inateleza. Chukua hii imefuliwa mpaka ikachoka kama wewe."

Yeye ndiye aliyenifunza. Mtoto kifuani, leso imshike kutoka nyuma ya magoti mpaka shingoni, pindo moja lipite juu ya bega na jingine chini ya kwapa, fundo mbele ya bega ulione kwa macho yako, lifungwe mara mbili, kisha livutwe kwa uzito wa mwili mzima. Akaniambia nitembee. Akaniambia niketi, nisimame. Nilipotaka kuokota kijiko akanizaba kofi la mkono.

"Hukunji kiuno! Mtoto atatoka hapo juu kama ndizi kwa ganda. Piga magoti, mkono nyuma ya kichwa chake. Na usikaange chochote na yeye hapo kifuani, hata yai. Mafuta haijui mtoto."

Nilipiga magoti mwaka ule kuliko mtawa.

Msimu wa mvua ndefu ulipoingia nilikuwa nimerudi kazini. Mtu abebaye mtoto kifuani haoni miguu yake, na udongo wa njia za Landless ukilowa hauna huruma. Nilitembea kwa kupapasa, mkono mmoja ukutani, mwingine chini ya makalio ya mtoto, nikifika kazini nimeshachoka kazi ambayo sijaianza. Niliketi, nikachambua, nikanyonyesha nikichambua. Khrr, khrr, alikoroma yule Maitu mdogo chini ya kidevu changu, na mimi nilishukuru Mungu kama nilivyoagizwa.

Na watu wakafunika. Ee, walifunika! Mara ya kwanza nilikuwa mpole: "Daktari amekataza." Wakanijibu kwamba daktari hajazaa. Nikaanza kusema, "Ana joto." Wakanionyesha mapua yao wenyewe yanayotiririka kama ushahidi wa baridi. Mwishowe nilibaki na maneno mawili tu, "Funika wako," na kwa hayo nikapata sifa ya kuwa mwanamke wa madharau. Shingo ya mtoto ilipokaza nikamhamishia mgongoni, ambako ni afadhali kwa miguu na vibaya kwa roho, kwani mgongoni huna macho. Kanisani nilipofumba macho kuomba nilihisi vidole vikinipitia mabegani. Nikafumbua kabla ya Amina. Alikuwa mama mzima wa kamati, amekwisha kuivuta leso mpaka juu ya boshori, na sasa anaendelea na maombi, uso umejaa upole. Nikaivuta chini. Akaivuta juu. Mbele ya Mungu, tukashindana.

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi naona penye wengi mtoto anaweza kukosa hewa na kila mmoja akaenda nyumbani akijisifu amemsaidia.

Kilichonishinda hakikuwa watu. Kilikuwa vumbi la maganda ya kahawa. Mtoto alianza kukohoa, na kile kijisauti chake kikawa kizito. Yule muuguzi akamsikiliza kifua, akanitazama, akasema vumbi lile si la mtoto huyu. Hakuniambia niache kazi. Alijua hilo si neno la kumwambia mtu mwenye njaa.

Tukahamia Gatongora, kwenye chumba cha pembeni kwa mama mkwe. Nikawa naondoka kukiwa na ukungu kwenda Thika na kurudi jioni, na mtoto akabaki na nyanya yake. Jumapili kabla ya kuanza nilimfunza Maitu kila kitu, leso, fundo, magoti, uso. Nilimwambia habari ya pua ile nyembamba na ya kunyamaza. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Alikuwa amelea watoto saba, wote wazima, mmoja wao ndiye mume wangu.

"Nimesikia, mwari," alisema, akiniita binti. "Nimesikia yote."

Kusikia si kukubali, lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka kuamini. Jioni nilimkuta mtoto kichwa nje, anakoroma vizuri, ananirukia. Nikaamini.

Julai ilikuja na baridi yake. Watu wa kule wanaijua: jua linaonekana adhuhuri kama mtu anayechungulia dirishani halafu linarudi ndani, na ukungu unalala juu ya mibuni mchana kutwa. Asubuhi moja stima ilipotea kiwandani na msimamizi akaturudisha nyumbani. Nilifurahi kama mtoto aliyefungiwa shule. Nikashuka Ruiru nikitembea taratibu, nikipanga kulala na mwanangu kitandani mchana mzima, sisi wawili, bila kufanya chochote.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Jirani akaniambia Maitu yuko kwenye shamba la pili akisaidia kuchuma kahawa. Nikafuata sauti za wachumaji mpaka nikamwona katikati ya mistari, ameinama, kikapu kiunoni, na mgongoni kwake nundu kubwa. Leso yangu ilikuwa chini, hiyo nakiri. Juu yake ilikuwa shali ya kahawia. Juu ya shali, blanketi. Juu ya blanketi alikuwa amevaa sweta lake mwenyewe na kulifunga vifungo mbele. Hapakuwa na kichwa wala boshori. Hata lile tundu dogo halikuwepo.

Aliponiona aliinuka akatabasamu.

"Haiya, umerudi mapema! Huyu amelala vizuri sana leo. Hajanisumbua hata kidogo."

Nikasimama nyuma yake nikasikiliza. Matawi yalikuwa yanadondosha maji. Mtu mistari miwili mbali alikuwa akiimba pambio. Khrr haikuwepo.

Sikumbuki sweta lilivyotoka. Nakumbuka fundo la blanketi lilikuwa limelowa na umande likakaza, na nililiuma kwa meno. Nilimtoa mwanangu akiwa moto, nywele zimelowa chapa, kidevu kimezama kifuani, midomo imebadilika rangi. Nikamlaza kwenye mkono wangu, nikamwinua kidevu, nikamsugua mgongo, nikampigapiga nyayo. Alikuwa mlegevu. Nikamwita. Si Maitu, nilimwita kwa jina lake, lile jina kamili la nyanya yake, kwa sauti ya kusikika shamba zima, mara ya kwanza tangu nimzae.

"Ii," akaitika mama mkwe wangu nyuma yangu, kwa sauti ndogo.

Ndipo mtoto akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya kukwaruza, mbaya, kisha nyingine, kisha khrr, kisha akalia kilio cha hasira ambacho sijasikia wimbo mzuri kuliko hicho. Midomo ikarudi rangi yake nikiitazama. Nikaketi kwenye tope.

Halafu nikamgeukia. Nilimwambia mama wa mume wangu maneno ambayo mke wa mtu hasemi, na nikayasema mbele ya wachumaji wote, waliokuwa wameacha mistari yao kuja kutazama. Nilimuuliza kama alitaka kumuua. Nilimuuliza kama masikio yake ni ya mapambo. Nilimwambia Jumapili yote nilikuwa nikiongea na jiwe. Alikusanya blanketi, shali na leso kutoka chini, akavikung'uta majani, akavikunja vizuri kama mtu anayejiandaa kwa safari, na nilipoanza kutembea kwenda zahanati alinifuata nyuma, mbali kidogo, bila kuombwa.

Pale zahanati walimsikiliza mtoto mbele na nyuma, wakamwacha anyonye, wakamsikiliza tena. Walisema amenusurika. Daktari aliye zamu alitukemea wote wawili kwa pamoja, na sikuwa na nguvu ya kumwelekeza mwenye hatia. Kisha tukatolewa nje kwenye benchi, tukae mpaka atakapoangaliwa mara ya mwisho.

Tuliketi, nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Mtoto alilala kifuani kwangu akikoroma. Nilingoja aombe msamaha, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sitampa.

"Nilikuwa na mwingine," Maitu akasema.

Sikuelewa.

"Kabla baba ya huyu azaliwe. Mbele ya wote. Musichana." Alikuwa akiongea na vishada vya ile shali mapajani mwake. "Ilikuwa Julai kama hii. Tulikuwa tunaenda kuchuma kahawa ya mzungu asubuhi, baridi ya kukata masikio. Nikamufunika. Nikamufunika na kila kitu tulikuwa nayo kwa nyumba. Nikachuma, nikachuma, na yeye amenyamaza, nikasema, ona mutoto mzuri, ananiacha nifanye kazi. Wakati wa kupima kahawa nikamutoa."

Mama mmoja alipita na mtoto mgongoni, amefunikwa gubigubi, na wote wawili tukamfuata kwa macho mpaka akaingia ndani.

"Walisema ni kichomi," akaendelea. "Baridi imeingia kwa kifua. Mama mukwe wangu alisema sikumufunika ya kutosha. Mpaka akakufa alikuwa anasema hivyo. Kutoka hiyo siku mimi nikiona mutoto kichwa wazi, hii mikono inaenda yenyewe. Hata nikiambiwa. Hata ukiniambia wewe."

Watoto saba, nilikuwa nimehesabu hivyo siku zote. Hata mume wangu alihesabu hivyo.

"Sasa niambie," alisema, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Wewe umefunzwa na wauguzi. Huyo wangu. Ilikuwa baridi?"

Ile hasira niliyokuwa nimeibeba tangu shambani niliitafuta, sikuiona. Nilichokiona ni mama wa miaka sitini na kitu anayeniuliza mimi, kibarua wa kuchambua kahawa, kama aliua mwanawe. Na niliona vilevile, kwa sababu uchovu haumfanyi mtu kuwa mjinga, kwamba nikisema ndiyo, ilikuwa baridi, kesho atafunika tena. Nikisema la, hatafunika mtoto maisha yake yote, wala hatalala tena usingizi. Mwanangu alikuwa kwenye mizani na yeye alikuwa kwenye mizani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapo tulikuwa wazazi wawili.

"Ilikuwa baridi, Maitu," nikasema.

Alikubali kwa kichwa. Akachambua vishada kimoja kimoja kwa vidole vyake vyeusi vya utomvu wa kahawa.

"Alikuwa na jasho," akasema. "Nywele yake ilikuwa maji. Kama ya huyu."

Niliusogelea ule upande wake wa benchi mpaka mabega yetu yakagusana, tukakaa hivyo mpaka tulipoitwa ndani, mtoto akaangaliwa, na tukaambiwa twende nyumbani.

Gatongora ilikuwa mbali kwa miguu, na mikono yangu haikuwa na nguvu tena. Nilikuwa nimemkumbatia mtoto kwa viwiko. Maitu aliona. Aliitundika shali begani kwangu, akachukua leso, akanipa. Kisha akanigeuzia mgongo, akainama, mikono magotini, kama mama yeyote anavyoinama apakiwe mtoto.

"Niwekee," alisema akiangalia chini. "Na ufunge wewe mwenyewe. Unionyeshe vile uso unakaa."

Watu walikuwa wanapita wakienda na wakirudi. Mmoja alitusalimia, sikuitikia. Nilisimama na mwanangu mikononi na ule mgongo mbele yangu, umenyooka kama meza, unangoja, na sikujua kama ninaweza. Yeye hakugeuka, wala hakuniharakisha.

Nikamweka.